Mapigo Thelathini kwa Pumzi Kumi

Hospitalini walimwita Vidole, naye hakuona ubaya. Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa refu, liliwachosha makarani, na isitoshe vidole ndivyo vilivyomfanya ajulikane kwa miaka ishirini na sita. Vilikuwa vitatu, vya mkono wa kulia: cha shahada, cha kati na cha pete. Aliviweka juu ya mshipa wa mgonjwa, chini kidogo ya kiganja, pale mfupa unapotoa kinundu, na hapo akaanza kusoma. Watu walioingia chumba namba tisa wakiwa wamejiandaa kueleza tumbo, mgongo na mambo ya wakwe zao walijikuta wakiambiwa wanyamaze kwanza.

"Wewe utasema baadaye," aliwaambia. "Muache yeye aanze."

Yeye maana yake mshipa.

Kazi hiyo alifundishwa na daktari wa Kichina aliyekuja hapo kwa mkataba wa miaka miwili akakaa kumi na moja. Wakati ule Vidole alikuwa muuguzi kijana, na wakubwa, kwa hekima zao, walimpanga awe mkalimani wa mgeni ilhali Kichina hakujua hata neno la kuombea maji. Wakaelewana kwa mikono na michoro, na baadaye kwa Kiswahili cha mgeni huyo, ambaye Vidole alimwita Mwalimu, Kiswahili chenye vitenzi tele na viunganishi haba. Mwalimu alichukua unywele, akauweka chini ya ukurasa wa kitabu, akamwambia autafute kwa ncha ya kidole. Alipoupata, akaongeza ukurasa wa pili. Mwaka ulipokwisha walikuwa kwenye ukurasa wa tisa.

Kisha akamfundisha kuhesabu, na hapa tusikimbie, maana kisa chote kimeshikilia hapa. Mwalimu hakutumia saa. Alitumia pumzi yake mwenyewe. Mpimaji huketi, akatulia, akavuta pumzi na kuishusha bila kuilazimisha, huku anahesabu mshipa wa mgonjwa umepiga mara ngapi. Pumzi kumi zikitimia, anaandika. Mapigo arobaini mpaka hamsini, mtu huyo hana neno. Yakifika sitini, kuna joto mwilini. Yakiwa chini ya arobaini, mapigo yanajikokota, kuna baridi, na mtu wa baridi hupewa vitu vya kumpasha, tangawizi na mdalasini na mizizi mingine michungu ambayo Vidole aliitunza katika mikebe iliyopangwa ukutani. Kwa hiyo rula ya mpimaji ni kifua chake.

Zipo siku Mwalimu aliamka na mafua. Siku hizo hakugusa mkono wa mtu. Alining'iniza mlangoni kibao cha mbao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, LEO SIPIMI, akaketi ndani anakunywa chai na kusoma magazeti ya mwezi uliopita. Wagonjwa walilalamika na yeye akajitia hamnazo. Alipoondoka kurudi kwao, kibao alikiacha kwenye droo ya chini ya meza. Vidole hakuwahi kukitoa. Alikuwa mwanamke wa chuma, mafua yalimwogopa, au ndivyo alivyopenda kusema.

Sasa idara ya macho ilikuwa inataka chumba namba tisa. Daktari Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkavu tu, mtu wa kusema jambo mara moja na kukutazama kama umelisikia.

"Nina vyumba kumi na viwili na idara kumi na tatu," alimwambia Vidole. "Nionyeshe kwamba hicho unachokisoma kwa vidole kipo kweli. Kikiwepo, unabaki. Kisipokuwepo, nitakushukuru mbele ya watu wote, na macho watahamia kwako."

Mwingine angelia, au angekwenda kutafuta wakubwa wa kumsemea. Vidole aliuliza, "Tunaanza lini?"

Aliyeleta njia ya kupima ni binti wa kaka yake, mtaalamu wa vipimo vya moyo, ambaye ofisini kwake palikuwa ukuta kwa ukuta na namba tisa. Huyu naye alikuwa na jina la kupewa. Walimwita Waya, kwa sababu mifuko ya koti lake haikukosa waya unaoning'inia, na siku moja aliingia mkutanoni akiburuta mmoja sakafuni bila habari. Shangazi yake alimlea kwa miaka mitano tangu alipofiwa na baba, na katika miaka hiyo alimfundisha mchezo wa unywele. Mtoto alifika ukurasa wa sita, akachoka, akaenda kucheza kamba.

"Shangazi, watu wanadhani moyo mzima unapiga kama saa," Waya alieleza siku walipokaa kupanga. "Sivyo. Nafasi kati ya pigo na pigo inabadilikabadilika. Ukivuta pumzi, mapigo yanasogeleana. Ukishusha, yanaachana. Moyo wenye nguvu unacheza. Mtu akiwa na msongo wa muda mrefu, au akiwa anaumwa, mchezo unapungua, nafasi zinalingana. Mashine yangu inapima hizo nafasi."

"Na mlihitaji mashine kulijua hilo?"

Waya aliangua kicheko. "Wewe unaliitaje?"

"Kuitikia," alisema Vidole. "Mshipa mzuri unaitikia pumzi. Unausalimia, unakujibu. Mwingine unausalimia, unakutazama tu."

Wakakubaliana. Wagonjwa arobaini, majuma matatu. Kila mgonjwa aanze namba tisa, Vidole ajaze kadi yenye mistari miwili, wa kwanza kasi na wa pili kuitikia. Kadi iingie kwenye bahasha, bahasha ifungwe. Kisha mgonjwa avuke mlango wa pili, alale kitandani dakika kumi amefungwa mkanda wa mashine kifuani. Hakuna kuchungulia, hakuna kuulizana. Bahasha zitafunguliwa siku ya mwisho.

Vidole alizifurahia siku zile kuliko alivyotarajia. Wagonjwa waliketi wakiwa na adabu za watu wanaopigwa picha. Mikono ilipita mmoja baada ya mwingine, ya dereva, ya mwalimu wa hesabu, ya mama aliyekuja na pacha wawili na kuomba apimwe haraka kabla hawajaangusha mikebe. Na kama majuma hayo yalikuwa na jambo la ajabu, ni hili: karibu kila mtu alikuwa na baridi. Thelathini na nane. Thelathini na sita. Thelathini na tatu. Vidole aliandika, akapima tangawizi, akafunga kwenye karatasi. Yule wa dirisha la dawa alimtania kwamba korido ya ghorofa ya tatu siku hizi inanukia kama jiko la harusi.

"Ni mvua za mwaka huu," Vidole alimjibu. "Zimewaingia watu mpaka kwenye mifupa."

Na lifti ilikuwa imekufa. Hilo lilimkera. Kila asubuhi alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, na kwenye kituo cha ghorofa ya pili palikuwa na ubao wa matangazo, naye akawa na desturi ya kusimama hapo kusoma. Kulikuwa na tangazo la mtu aliyepoteza funguo tatu zenye kishikizo chekundu. Alilisoma kila siku, mwanzo mpaka mwisho, kwa makini ya mtu anayezitafuta funguo hizo yeye mwenyewe. Waya alipompita hapo akiruka ngazi mbilimbili, alimwamkia, "Shikamoo Shangazi!" na Vidole aliinua mkono tu, asije akakatiza usomaji. Viatu vyake vya kazi navyo vilianza kubana, akavilaumu viatu. Nyumbani aliongeza mto, kisha mto wa tatu, akalilaumu godoro.

Siku ya mwisho, ikiwa Ijumaa, alipima mgonjwa wa arobaini saa nane mchana. Mapigo thelathini. Mshipa unaitikia vizuri. Akailamba bahasha, akaifunga, akaisukuma mezani, akahisi amemaliza kulima shamba.

Kabla hajainuka, mlango ukafunguliwa akaingia fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa mgonjwa wa kumi na moja, mtu mpole, shingoni amening'iniza utepe wa kupimia ambao alishasahau kama upo.

"Mama, sikuja kugomba," alianza, jambo ambalo watu husema wakija kugomba. "Nakuheshimu sana. Lakini hiyo tangawizi yako imeniwashia moto mwili mzima. Mdomo umetoka vidonda, ona. Usiku natupa shuka. Mke wangu anauliza nimekunywa nini."

Akafungua mdomo. Vidole alitazama. Ulimi ulikuwa mwekundu kama umepakwa rangi, ulimi wa mtu wa joto, wala si wa baridi hata kidogo. Alimshika mkono wake, akahesabu. Thelathini na moja.

"Acha hiyo dawa," alisema polepole. "Kunywa maji. Nitakuita."

Fundi alishukuru akaondoka. Vidole alibaki ameshika tama. Ulimi ulisema hivi na mshipa ukasema vile, na katika miaka yote hiyo mshipa haukuwahi kumdanganya. Alijiambia ni uchovu wa majuma matatu, akalisukuma lile wazo pembeni. Halikwenda mbali.

Saa tisa Waya aliingia na bahasha zote arobaini, kompyuta yake na sura isiyosomeka. Alifunga mlango. Hiyo peke yake ilikuwa habari, maana Waya hakuwa mtu wa kufunga mlango.

"Anza na nzuri," alisema Vidole.

"Mstari wa kuitikia." Waya alivuta kiti. "Shangazi, sikutegemea. Kati ya arobaini, thelathini na sita mmekubaliana na mashine. Thelathini na sita! Yule mama wa pacha, wewe umeandika hauitikii kabisa, na mashine inaonyesha nafasi zimelingana kama meno ya kitana. Nimeshampeleka kwa daktari. Mimi mwenyewe nisingeamini."

Vidole alitaka kutabasamu, akangoja. Alimjua mtoto wake.

"Sasa mstari wa kasi."

"Eeh."

"Umeandika watu thelathini na watatu wana mapigo ya polepole. Mashine inasema wawili."

Vidole aliisukuma kompyuta kando kwa kidole kimoja.

"Mashine yako imekosea," alisema Vidole.

"Kuhesabu mapigo, Shangazi? Hicho ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Hata simu inahesabu." Waya alisema kwa sauti ya chini, na upole wake ndio uliouma. "Na Daktari Mkuu ataanza kutazama hapo hapo. Atasema, mtu asiyeweza kuhesabu mapigo, kwa nini nimwamini kwa hayo mengine? Nimefikiria... tunaweza kuuondoa huo mstari. Tuseme tulipima kuitikia peke yake. Hatutakuwa tumesema uongo, tutakuwa tumenyamaza tu."

Vidole alihisi uso unawaka. Aliona aibu, na aibu ilipomshika aligeuka mkali, hiyo ndiyo tabia yake tangu utotoni. "Mimi niondolewe mstari? Miaka ishirini na sita, leo unifiche kama sahani iliyopasuka mbele ya wageni? Leta mkono. Vaa mkanda wako huo. Nipime mbele yako, tuone nani hajui kuhesabu."

Waya alijifunga mkanda chini ya blauzi, akawasha kompyuta, akaigeuza ili shangazi asione namba, akanyoosha mkono juu ya kile kimto kidogo cha bluu.

Vidole alipanga vidole vyake. Aliupata mshipa mara moja, mshipa aliokuwa akiujua tangu ukiwa mwembamba kama uzi. Ulikuwa unaitikia vizuri, binti wa watu, mshipa wenye tabia njema. Alitulia. Alivuta pumzi, akashusha, akahesabu. Pumzi kumi.

"Thelathini," alisema.

"Mashine inasema sabini na mbili kwa dakika. Hiyo ni kawaida kabisa."

"Tena."

Alihesabu tena. Alihesabu kwa makini ya mtu anayevuka mto juu ya gogo. Thelathini. Alipoinua macho kumwambia, alimkuta Waya hatazami kompyuta. Alikuwa anamtazama yeye mabegani.

"Unatazama nini?"

Waya alichukua kalamu, akageuza bahasha moja, akaandika sabini na mbili. Chini yake akaandika tatu, maana thelathini kwa pumzi kumi ni tatu kwa pumzi moja. Akagawanya. Hesabu hiyo ni ya darasa la tatu, lakini aliikodolea macho muda mrefu.

"Shangazi," alisema, "unapumua mara ishirini na nne kwa dakika. Mtu aliyeketi hapaswi kuzidi ishirini."

"Nimetoka kupanda ngazi."

"Umekaa hapo tangu saa nne asubuhi."

"Basi umenikasirisha."

"Ngoja." Waya alivuta kadi zote karibu yake. Akachukua ya kwanza, ya juma la kwanza. Mashine sabini na sita, vidole arobaini. Akagawanya, akapata kumi na tisa. Ya pili, kumi na tisa. Ya kumi, ishirini. Aliandika chini kwa chini, na Vidole aliinama kutazama ingawa hakutaka. Ya ishirini, ishirini na mbili. Ya thelathini, ishirini na tatu. Namba zilikuwa zinapanda, polepole, bila kuruka, kama mtu anayepanda ngazi na kusimama kila kituo kusoma tangazo.

"Mtu akikosea kuhesabu, anakosea huku na kule," Waya alisema. Sauti ilianza kumtetemeka. "Mara juu, mara chini. Wewe umekosea kwa kunyooka. Nikichukua pumzi zako kama zilivyokuwa kila siku, kadi zote arobaini zinakubaliana na mashine. Zote. Vidole vyako havijakosea hata pigo moja."

"Sasa unalia nini?"

"Unajua ninacholilia."

Alijua. Viatu na godoro havikuwa na kosa, moyo ndio uliokuwa unachoka. Rula ilikuwa imefupika. Pumzi fupi huingiza mapigo machache, na mpimaji akahukumu kwamba mapigo ndiyo yaliyopungua. Hospitali nzima haikuwa na baridi, na mvua hazikumwingia mtu yeyote kwenye mifupa. Alikuwa ameketi majuma matatu akiandika ugonjwa wake mwenyewe kwenye kadi za watu wengine, kwa mwandiko mzuri, na kuufunga kwenye bahasha.

Aliinuka, akaenda dirishani, na ile safari ya hatua sita aliihisi. Ng'ambo ya barabara fundi alikuwa amerudi kwenye cherehani yake, mguu unapanda na kushuka.

Sasa alikiona kitanzi chote. Mstari wa kasi ukiondolewa, chumba huenda kikabaki na hakuna atakayejua lolote, ila vidole vitakuwa vimeshindwa na wao wawili watakuwa wamevifichia. Mstari ukiandikwa kama ulivyo, pamoja na hesabu ya Waya, vidole vitasimama mbele ya Daktari Mkuu bila doa hata moja, lakini huyo Daktari Mkuu, kabla hajamaliza ukurasa, atauliza huyu mama anayepumua mara ishirini na nne amelazwa wodi gani. Ushahidi wa kwamba yeye ni mpimaji na ushahidi wa kwamba yeye ni mgonjwa ulikuwa kitu kimoja. Usingeweza kuuchana katikati ukabaki na nusu unayoitaka.

Aliogopa. Hakuogopa kufa, hilo bado hakulifikiria. Aliogopa kulala kitandani chali mikono ikiwa juu ya shuka haina kazi, huku watu wanapita na kusema, huyu ndiye yule Vidole.

"Tunaweza kuuondoa tu," Waya alisema nyuma yake, kwa sauti ya mtoto. "Halafu mimi na wewe tutafute daktari kimyakimya. Hakuna haja ya watu kujua."

"Na hao thelathini na watatu?"

"Nani?"

"Wanaokunywa tangawizi kwa sababu mimi sipumui." Vidole aligeuka. "Yule fundi mdomo wake umechanika. Nikiwaita waache dawa, wataniuliza kwa nini. Niwaambie nini? Mvua zimekwisha?"

Waya alishusha macho kwenye kadi.

Vidole alirudi mezani. Lakini hakuketi kwenye kiti chake. Alikizunguka, akaketi kwenye kile cha wagonjwa, ambacho hakuwahi kukikalia, na akagundua kwamba kiti hicho kina mguu mmoja mfupi na kinayumba. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia. Alikunja mkono wa gauni, akaulaza juu ya kimto cha bluu, kiganja juu.

"Kaa pale," alisema.

"Shangazi, mkanda nimeshauvua, ngoja niusafishe—"

"Kwanza vidole. Mkanda wako baadaye. Wewe ulifika ukurasa wa sita."

Waya alifuta macho kwa mkono wa koti. Aliketi kwenye kiti cha shangazi yake, kwenye ukingo, kama mtu aliyekaribishwa kwa watu asiowazoea. Akapanga vidole. Akavikosea, na Vidole kwa mkono wake wa pili akavisogeza mahali pake, cha kati kwenye kinundu, vile vingine kando yake.

"Usibonyeze kama kengele ya mlango. Legea. Sasa tulia wewe kwanza. Mimi siendi popote."

Waya alivuta pumzi, akaishusha. Ilikuwa pumzi ndefu, ya msichana anayeruka ngazi mbilimbili, na Vidole aliisikiliza ikiingia na kutoka, akaona raha kuwa karibu na pumzi kama hiyo. Midomo ya Waya ilicheza ikihesabu. Kumi zilipotimia hakuinua macho.

"Sema."

"Sabini."

"Na kuitikia?"

Waya alivuta pumzi nyingine, vidole vyake vikiwa vimekaa vizuri sasa, vikisikiliza. "Vuta pumzi, Shangazi. Shusha. Vuta tena." Kisha akasema, kama mtu anayekiri kosa lake mwenyewe, "Hauitikii. Nausalimia, unanitazama tu."

"Vizuri," alisema Vidole. "Umesoma vizuri."

Mashine ilisema hivyohivyo dakika kumi baadaye, mapigo mia moja na tano kwa dakika, sawasawa na sabini kwa pumzi kumi za Waya, na nafasi zimelingana. Vidole alitazama ule mstari wa kwenye kioo kwa udadisi zaidi ya huzuni. Ndivyo ulivyo basi. Amewaambia watu habari za mstari huo kwa nusu ya maisha yake, hajawahi kuuona.

Alichukua kadi tupu, akaandika juu kabisa: wa arobaini na moja. Kwenye mstari wa kasi akaandika sabini kwa pumzi kumi. Kwenye wa kuitikia akaandika hapana. Chini palikuwa na sehemu ya jina la mpimaji, ambayo kwa majuma matatu ilikuwa na jina moja tu. Alimsukumia Waya kalamu.

"Mimi si mpimaji," Waya alisema.

"Mimi leo si mpimaji. Wewe umepima. Andika jina, na Jumatatu tunaanza ukurasa wa saba. Popote watakaponilaza, kitabu utakileta."

Waya aliandika jina lake lote, refu kama la shangazi yake, maana walikuwa wa ukoo mmoja.

Kisha wakaandika barua ya kuwarudisha wale thelathini na watatu, mistari minne, isiyopiga chuku: acheni dawa, kosa ni la mpimaji, karibuni mpimwe upya. Bahasha zote arobaini na kadi ya arobaini na moja wakazifunga pamoja kwa waya mmoja kutoka mfuko wa koti, kwa ajili ya Daktari Mkuu, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya chini karibu na wodi. Vidole alifungua droo ya chini ya meza. Kibao kilikuwepo, rangi nyekundu imefifia lakini inasomeka. Alikifuta vumbi kwa kiganja, akakining'iniza mlangoni, akarudi nyuma hatua moja kuona kama kimenyooka.

Waya alitaka kuita kiti cha magurudumu. Alitazamwa jicho moja tu, akaacha. Wakateremka ngazi kwa miguu, Waya ameshika bahasha kwa mkono mmoja na kiwiko cha shangazi kwa mwingine. Walipofika ghorofa ya pili Vidole alisimama. Lile tangazo la funguo lilikuwa bado lipo, limeanza kujikunja pembe.

Safari hii hakulisoma. Aliegemea ukuta, akamshika Waya mkono, akasema, "Ngoja kidogo, mwanangu. Pumzi imekwisha."

Wakangoja hapo mpaka ikarudi.